Lita moja ya petroli inakupa uniti ngapi? Hesabu ya jenereta la shangazi, Kasokola

Mwezi wa tatu shangazi yangu alinipigia simu kutoka Kasokola. Hata salamu hazikuisha vizuri. "Mwanangu, wewe si ndiye umesomea haya mambo? Mahindi niliyokuwa nimeyaweka ghalani nimeyauza, nina milioni moja mkononi. Ninunue jenereta au nisinunue?"

Siku moja kabla, umeme ulikatika alasiri ukarudi karibu saa sita usiku. Kwa wewe msomaji wa mjini hiyo ni kero ya simu kuisha chaji. Kwa shangazi ni jambo jingine. Kasokola ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, na watu wengi huko ni wakulima wa mahindi, mpunga na karanga. Shangazi naye analima, ila mbele ya nyumba ana kiduka chenye friza moja la mfuniko wa juu. Humo mnakaa soda, barafu za ubuyu za watoto wa shule, na migebuka wa Ziwa Tanganyika wanaoletwa kutoka Karema. Friza hilo ndilo linalolipa ada ya wadogo zangu wawili. Samaki wakilegea wakagandishwa tena, mteja anawajua akiwagusa tu, na kesho anaenda kwa mwingine.

Dukani alikuwa ameambiwa jenereta la petroli lililoandikwa kilowati 3 ni shilingi 850,000. Kwa hesabu yake zingebaki 150,000 za mafuta. Nilitaka kumjibu palepale "nunua", maana ndilo jibu tunalopeana wote. Nikamwomba kwanza afanye kitu kimoja: kwa mwezi mzima, kila umeme ukikatika na kila ukirudi, aandike saa kwenye daftari lake la madeni. Mimi ningekuja likizo ya Pasaka na mita.

Sasa chukua kalamu, tupige hesabu pamoja. Bei nitakazotaja ni zile tulizoambiwa sisi kwenye maduka ya Mpanda. Kwako zitakuwa tofauti, ila njia ya kuhesabu ni ileile.

Tuanze na kufunga. Watu husahau kwamba jenereta likitoka dukani bado halijawa umeme wa nyumba. Linahitaji swichi ya kugeuzia, ile mafundi wanayoita chenjiova, na hiyo tuliambiwa 75,000. Waya wa milimita 4 wenye nyuzi tatu, mita 15, ulikuwa 105,000. Nondo ya shaba ya kuzamisha ardhini pamoja na vifungo vyake, 40,000. Fundi mwenye leseni ya EWURA, 120,000. Jukwaa la zege na kibanda cha bati na wavu chenye kufuli, 180,000. Dumu, oili na plagi ya akiba, 50,000, na usafiri wa bajaji 10,000. Jumla ya hivyo vyote ni 580,000. Ongeza jenereta lenyewe unapata 1,430,000. Yaani kila shilingi 100,000 ya jenereta inavuta nyuma yake karibu 70,000 nyingine. Milioni ya shangazi ilikuwa imeshaisha kabla hajanunua hata lita moja ya petroli.

Hapo ndipo watu huanza kukata. Na wanachokata kwanza ni chenjiova na kibanda, kwa sababu bila hivyo taa zinawaka vilevile. Nilipofika nyumbani nilikuta kuna mtu wa mtaani ameshampa shangazi wazo la shilingi 15,000: waya wenye plagi ya dume pande zote mbili. Mwisho mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi yoyote ya ukutani, nyumba nzima inapata umeme. Ni kweli inapata. Lakini soketi hiyo imeungana na mita ya Luku, mita imeungana na nguzo, na nguzo inaelekea kwenye transfoma. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Kama inashusha umeme wa volti 33,000 au 11,000 kuwa 230 za nyumbani, ukiusukumia 230 kutoka upande wako inaupandisha kuwa maelfu ya volti. Mara nyingi jenereta dogo litalemewa na kuzima, maana linajaribu kulisha mtaa mzima. Ila siku laini imekatika karibu na kwako, au majirani wachache tu ndio wameungwa, halizimi. Na siku hiyohiyo ndiyo fundi wa laini anakuwa juu ya nguzo akiamini hakuna umeme. Hata fundi akisalimika, umeme wa laini ukirudi ghafla unakutana na wa jenereta uso kwa uso, na kinachoungua ni jenereta, au waya ndani ya ukuta. Kazi ya chenjiova ni ndogo sana: inahakikisha nyumba imeshika upande mmoja tu, laini au jenereta, kamwe siyo vyote viwili. Waya ule niliukata kwa koleo. Shangazi alinuna mpaka jioni.

Kibanda nacho kina hadithi yake. Ukimuuliza mtu kwa nini jenereta analiweka jikoni au koridoni, atakujibu: wezi. Na ana haki ya kuogopa, kitu cha 850,000 hukiachi uani. Tatizo ni kwamba injini ya petroli hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, analala, basi. Kufungua dirisha hakutoshi. Jenereta linatakiwa likae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha, moshi ukielekea mbali na nyumba. Kwa hiyo zile 180,000 za kibanda ni bei ya kumzuia mwizi bila kujifungia na moshi. Hapo sikubali punguzo.

Sasa mafuta, na huku ndiko nilikopata mshangao.

Jirani mmoja wa shangazi anakodisha mziki wa harusi, na ana jenereta la aina ileile aliyotaka shangazi. Alituazima kwa siku moja. Nilijaza tangi mpaka juu, nikaunganisha vitu vya kawaida vya shangazi, yaani friza, taa tano, televisheni, feni na chaji za simu, nikaweka katikati mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi niliyoiazima maabara. Tukaliacha lifanye kazi saa mbili. Kisha nikajaza tena tangi kwa jagi lenye alama za vipimo. Ziliingia lita 1.2. Mita ilisoma uniti 0.6.

Yaani lita moja ya petroli ilitupa nusu uniti. Bei ya juu ya petroli hutangazwa na EWURA kila mwezi, na ya Mpanda huwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya umbali. Tuchukue 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, wewe weka ya mwezi huu. Nusu uniti kwa 3,000 maana yake uniti moja ni 6,000. Kwa bei za TANESCO zilizoanza kutumika 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa 100 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo inakuwa 122. Kundi la juu yake, alilomo shangazi kwa ajili ya duka, hulipa 292, ambayo inakuwa karibu 356. Uniti ya jenereta ilikuwa ghali mara 17 kuliko ya Luku yake.

Mwenye jenereta alikataa. Akasema mashine yake haili mafuta hivyo, mimi nimepima vibaya. Sawa, tukapima tena. Safari hii nikaongeza hita ya kuchemshia maji ya wati 1,500 ndani ya pipa, ili jenereta libebe kama kilowati 1.8. Kwa saa moja lilitumia lita 1.1 na kutoa uniti 1.8. Sasa lita ikawa inatoa uniti 1.6 na ushee, na uniti moja ikashuka mpaka kama 1,800. Mashine ileile, petroli ileile, asubuhi moja. Kwa hiyo wote wawili tulikuwa sahihi: yeye akiwa na spika zake harusini anaibebesha mzigo wa kutosha, shangazi angeibebesha mzigo wa kitoto.

Kwa nini iwe hivyo? Lita moja ya petroli ina nishati ya uniti 9 hivi. Jaribio la kwanza tulipata umeme wa asilimia 5 hadi 6 ya hiyo, la pili kama asilimia 18. Kilichobaki kilienda kwenye joto, moshi na kelele. Umeme wetu unabadilika mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na majenereta mengi madogo ya kawaida yanaupata kwa kuzungusha injini mara 3,000 kwa dakika. Uwashe taa moja au uwashe hita, ni 3,000 tu. Injini inasugua bastola na bearingi zake, inavuta hewa, inaendesha feni ya kujipoza, na hayo yote yana bei yake hata kama wewe hujachomeka kitu. Ni kama kukodi Fuso kupeleka kuku wawili sokoni. Yapo majenereta ya kisasa yanayopunguza mzunguko mzigo ukipungua, na hayo yanakula kidogo zaidi, ila bei yake nayo ni nyingine.

Basi si anunue dogo? Hapana, hapo kuna mtego wa pili. Friza la shangazi linakula wati 150 likiwa limeshaanza, lakini kompresa inapowaka huvuta mara tatu hadi sita ya hapo kwa muda mfupi sana. Pampu ya maji ni vilevile. Kwa hiyo unalazimika kununua jenereta la kumudu kishindo cha sekunde moja, halafu unaliendesha kwa mzigo mdogo siku nzima. Ongeza na jiografia: Mpanda iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar, na injini isiyo na taba hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Ile kilowati 3 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni kilele cha muda mfupi. Ndani ya kitabu imeandikwa 2.5 za kuendelea, na Kasokola hizo ni kama 2.2.

Hesabu hii, kwa njia, si ya shangazi peke yake. Kwa miaka mingi Mpanda nzima iliishi hivyo. Mji haukuwa kwenye Gridi ya Taifa, na TANESCO ilizalisha umeme hapahapa kwa majenereta ya dizeli. Jenereta kubwa la dizeli lenye mzigo mzuri hutoa uniti 3.5 hadi 4 kwa lita, hiyo ni kazi nzuri sana ukilinganisha na letu. Bado kwa dizeli ya 3,000 uniti moja inamaliza 750 hadi 850 za mafuta tu, halafu inauzwa kwa 100 au 292 kabla ya kodi. Ukiielewa hesabu hii, unaelewa kwa nini ilijengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga mpaka Mpanda. Lakini njia kubwa haiondoi radi, wala mti unaoangukia nyaya za mwisho za kijijini, kwa hiyo swali la shangazi lilibaki palepale.

Turudi kwenye daftari la madeni, katikati ya mkopo wa sukari na wa sabuni. Katika mwezi ule umeme ulikatika mara 11, jumla saa 31. Akiwasha jenereta kila mara na kuliacha mpaka umeme urudi, ni lita 18.6, yaani 55,800 kwa mwezi. Barafu za ubuyu haziwezi kulipa hiyo. Ila angalia vizuri: mara nane kati ya hizo umeme ulikaa chini ya saa tatu. Ni mara tatu tu ulipotea kwa saa tano, sita na saba.

Na friza si taa. Taa ukiinyima umeme inazima, friza ukilinyima linaanza kupata joto pole pole. Friza la mfuniko wa juu likijaa na lisipofunguliwa linaweza kukaa na ubaridi wa kugandisha hata siku mbili, likiwa nusu kama siku moja. Tatizo la shangazi ni kwamba la kwake halikuwa limejaa, na watoto wa shule walikuwa wanalifungua kila baada ya dakika tatu.

Kwa hiyo tulianza na chupa. Chupa 20 za maji za lita moja na nusu ni kilo 30. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji kilojuli 334, kwa hiyo kilo 30 zinameza joto la karibu uniti 2.8 kabla hazijaisha. Linganisha na betri ya volti 12 na ampea 200 ya maji ya asidi: ina uniti 2.4, na kwa usalama wa betri unatumia nusu, 1.2. Chupa tuliziokota bure. Barafu ya maji matupu huyeyuka kwenye nyuzi 0, na samaki hupenda kuanza kulegea kabla ya hapo, kwa hiyo nusu ya chupa tuliweka chumvi, gramu 150 kila moja, ili ziyeyuke kwenye nyuzi 6 hivi chini ya sifuri. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito. Mdogo wangu alikunywa moja.

Kwa mpango huo jenereta lingehitajika kwenye zile tatu ndefu tu, kwa saa mbili kila moja: saa sita kwa mwezi, lita 3.6, shilingi 10,800. Hiyo inavumilika. Lakini sasa gawanya 1,430,000 kwa miaka mitano: ni kama 23,800 kila mwezi, kwa mashine inayofanya kazi saa sita. Karibu 4,000 kwa saa kabla ya mafuta. Na mashine inayokaa tu nayo inaharibika, petroli iliyolala miezi inaacha utomvu kwenye kabureta. Ukiwa nalo, liwashe angalau mara moja kwa mwezi, na kabla ya kulihifadhi funga mafuta liache lijizime lenyewe. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, zinazofuata kila saa 50 hadi 100.

Kama una mashine ya kushona, saluni, au umeme wako unapotea siku mbili mfululizo, hesabu yako itakupeleka kwingine na jenereta linaweza kujilipa. Kama unachotaka ni taa, simu na televisheni kwa saa mbili tatu, betri na inveta inakushinda kwa mbali, maana unaijaza kwa uniti ya 356, na hata ukipoteza robo njiani unafika kama 475, siyo 6,000.

Shangazi alichagua kitu ambacho sikukifikiria. Alifunga chenjiova, waya, nondo ya ardhini na fundi, jumla 340,000, na kuacha nje ya ukuta soketi moja yenye kifuniko. Jenereta hakununua. Alikubaliana na jirani wa mziki: umeme ukipita saa nne, jenereta linakuja kwa mkokoteni, linawekwa uani mbali na nyumba, shangazi anatoa 5,000 na petroli yake mwenyewe. Fedha iliyobaki aliirudisha kwenye samaki. Nilimwambia mpango una tundu, siku ya harusi jenereta halitakuwepo. Akanijibu, "Mwanangu, siku ya harusi na mimi nitakuwa harusini."

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka kulikuwa na harusi, na mvua kubwa. Umeme uliondoka saa nane mchana, ukarudi saa tano usiku. Nilikuwa nimemwachia kipimajoto chenye waya ndani ya friza. Mchana alisoma nyuzi 19 chini ya sifuri. Usiku, akiwa bado na nguo za sherehe, alinitumia picha: 11 chini ya sifuri, na migebuka ilikuwa migumu kama kuni.